Intaneti Inasuasua Kigoma: Pima Kwanza Ndipo Uhame

Steshenari yangu ipo Mwanga, hatua chache kutoka sokoni. Kazi zangu karibu zote zinapita kwenye intaneti: vijana wanajaza maombi ya Bodi ya Mikopo, walimu wanatafuta nafasi kwenye tovuti ya ajira, baba anataka kuchapa cheti alichotumiwa kwa WhatsApp. Ukurasa ukigoma kufunguka, mteja haoni kampuni ya intaneti. Ananiona mimi. Ananinung'unikia kidogo, kisha anavuka barabara kwa jirani.

Nilikaa miezi minne nikisema "mwezi ujao nahama". Nilipokuja kupima sawasawa nikakuta sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa dukani kwangu mwenyewe, nyuma ya kabati la chuma. Iliyobaki ilikuwa ya kampuni kweli, na mwishowe nilihama. Lakini ningehama kabla ya kupima, kabati lingenifuata huko huko, na baada ya wiki mbili ningekuwa naitukana kampuni ya pili. Kwa hiyo naandika hatua nilizopita, kwa mpangilio ambao ningependa mtu angenipa mapema.

Hatua ya kwanza: jua ulichonunua

Tafuta mkataba, au ule ujumbe uliotumiwa siku ya kuunganishwa. Angalia kasi ya kupakua (kushusha), kasi ya kupakia (kupandisha), halafu lile neno dogo "hadi". Kifurushi cha "hadi Mbps 20" kimekuahidi dari, sakafu hakijaitaja. Angalia pia kama kuna kiasi cha GB ambacho ukikivuka kasi inapunguzwa mpaka mwezi ugeuke. Vifurushi vingi vinavyoitwa "bila kikomo" vina kikomo cha namna hiyo. Kama intaneti yako huanza mwezi ikikimbia na kumaliza mwezi ikitambaa, umeshapata jibu na unaweza kuacha kusoma hapa. Mtafute anayepakua tamthilia usiku.

Kitu kingine kinachogombanisha watu bure ni herufi b. Kampuni inauza kwa megabiti kwa sekunde (Mbps), kompyuta inakuonyesha megabaiti (MB), na baiti moja ni biti 8. Mbps 10 ni sawa na MB 1.25 kwa sekunde. Filamu ya MB 700 itakuchukua dakika 9 na kitu hata kila kitu kikiwa safi. Kuna kaka alinijia amefura, eti amelipia 10 anapewa 1. Alikuwa anapewa zote.

Jiulize pia unahitaji kiasi gani. Kuongea kwa video na mtu mmoja, Mbps 2 kwenda na 2 kurudi zinatosha. Video safi ya kawaida inataka kama 5. Televisheni kubwa yenye picha ya 4K inataka 15 mpaka 25. Fomu ya mkopo haihitaji kasi kubwa hata kidogo. Inahitaji mtandao usiokatika katikati ya kupandisha cheti cha kuzaliwa. Duka langu lilikuwa na shida ya aina hii ya pili, nami nilikuwa nalilia kasi.

Hatua ya pili: pima, na uandike kwenye daftari

Chukua daftari la shule, lile la kurasa 48, ulifunge kwa kamba kando ya ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti. Kila siku kwa wiki moja pima mara tatu: alfajiri kabla watu hawajaamka, mchana, na saa mbili usiku. Saa mbili usiku usiiache hata umechoka, kwa sababu ndiyo saa ambayo mji mzima umerudi nyumbani na kila mtu ana simu mkononi.

Pima kwa waya. Tumia waya wa mtandao kutoka kwenye ruta mpaka kwenye kompyuta, waifai imezimwa, simu zote zimeondolewa. Ukipima kwa simu ukiwa chumba cha tatu, umepima kuta zako. Kisha, mara moja moja, pima tena kwa waifai ukiwa unapokaa kwa kawaida, na uandike pembeni. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo itakayokuambia ugomvi ni wa nani.

Vipimo viwili vinatosha: Speedtest na fast.com. Ya kwanza huchagua seva (kompyuta inayojibu kipimo) iliyo karibu nawe, na pengine seva hiyo imo ndani ya mtandao wa kampuni yako, kwa hiyo jibu linaweza kuwa la kupendeza mno. Ya pili ni ya Netflix na inapima kutoka kwenye seva za Netflix. Zikitofautiana sana, moja ikisema 18 na nyingine 4, ujue barabara ya ndani ya kampuni ni nzuri ila njia ya kutoka nje imebana.

Tahadhari kwa wenye bando la GB chache: kipimo chenyewe kinakula. Laini ya Mbps 20 ikipimwa kwa sekunde 10 imeshameza MB 25 kwa kupakua tu. Mara tatu kwa siku kwa wiki nzima, hesabu mwenyewe.

Andika kasi ya kupakua, ya kupakia, na ule muda wa kwenda na kurudi unaohesabiwa kwa milisekunde. Wengi huuruka huo wa mwisho, nao ndio unaofanya mtu aongee kwa video akijibiwa swali la dakika iliyopita. Andika pia kama mvua inanyesha na kama umeme umekatika siku hiyo. Mimi niliona ni mbwembwe, ila siku ya tano nikaanza kuona picha.

Hatua ya tatu: safisha nyumba yako kwanza

Hapa ndipo penye fedha nyingi zinazopotea, nami nitakaa kidogo.

Ruta yangu ilikuwa nyuma ya kabati la chuma, chini, jirani na friji ya soda. Fundi aliiweka pale kwa sababu waya uliishia pale. Chuma kinazuia mawimbi, na ukuta wa matofali ya kuchoma unayadhoofisha. Niliipandisha juu ya rafu katikati ya duka na kasi ya waifai mezani kwa wateja ikapanda kutoka Mbps 3 hadi 12. Sikulipa hata shilingi. Ila usiipandishe mpaka chini ya bati. Joto la mchana la Kigoma litaipika.

Ruta nyingi zina mawimbi ya aina mbili. Ya 2.4 GHz yanafika mbali na yanapenya ukuta, lakini ni kama soko la Mwanga siku ya gulio, kila jirani yumo. Ya 5 GHz yana kasi zaidi ila yanachoka haraka ukutani. Kompyuta iliyo chumba kimoja na ruta iweke kwenye 5. Kwa 2.4, ingia kwenye mipangilio ya ruta (anwani imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini yake, mara nyingi inaanza na 192.168) ujaribu chaneli 1, 6 na 11 uone ipi imetulia. Hizo tatu hazigongani.

Ukiwa humo humo, tazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Mimi nilikuta 23. Duka lina kompyuta 4. Nywila yangu ilikuwa jina la duka na mwaka, na vijana wa bodaboda wanaoegesha mbele walikuwa wanaijua kuliko mimi. Niliibadilisha siku hiyo, wakaninunia kwa siku mbili, yakaisha.

Halafu kuna wanaokula kimya kimya. Windows inajisasisha, simu inapandisha picha zote za harusi kwenye hifadhi ya mtandaoni, WhatsApp inanakili mazungumzo usiku. Kinachopanda kinaumiza kuliko kinachoshuka, kwa sababu kasi ya kupandisha mara nyingi ni ndogo, na ikijaa hata kurasa nyepesi zinakwama. Weka hayo yote yafanyike saa nane usiku.

Umeme nao. Ruta inayozima na kuwaka yenyewe mara nyingi ina adapta mbovu, au mtu aliiunguza ile ya kwanza akaweka ya redio kwa kuwa tundu linaingia. Soma volti na ampea kwenye ruta na kwenye adapta. Volti zilingane, ampea za adapta zisipungue. Na kwa mji wenye radi kama wetu, ikianza kunguruma chomoa umeme na chomoa pia waya unaotoka nje. Nimeona ruta ambayo taa zote zinawaka vizuri lakini matundu ya waya yamekufa baada ya radi moja ya Novemba.

Kama una faiba, fuata ule waya mwembamba kwa macho kutoka ukutani mpaka kwenye kifaa. Umekunjwa? Umebanwa na dirisha? Panya? Ndani yake mna uzi wa kioo. Ukikunjwa kama karatasi mwanga unavuja. Taa yenye herufi LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kabisa, na hapo usihangaike na mipangilio, ita fundi wa kampuni.

Kama unatumia ruta ya laini ya simu, mambo ni tofauti kidogo. Mji wetu ni wa vilima. Aliye bondeni anaweza kuuona mnara kwa macho asipate mtandao, na mwenzake wa juu akapata bila kuuona. Ingia kwenye ukurasa wa ruta utafute nguvu ya mawimbi kwa dBm. Namba ni hasi, kwa hiyo -85 ni nzuri na -112 ni taabu tupu. Izungushe ruta ndani ya nyumba ukisoma namba, dirisha kwa dirisha. Nyumba ya bati iliyofungwa vizuri inakula mawimbi mengi, na wakati mwingine kuihamisha ruta mita mbili tu kunafanya kazi ambayo kifurushi kipya kisingefanya. Kwa walio vijiji vya ziwani kaskazini kuelekea mpakani, angalieni simu isije ikajishikiza mtandao wa Burundi. Chagueni mtandao kwa mkono.

Baada ya hayo yote, pima wiki nyingine.

Hatua ya nne: lisome daftari

Daftari langu la wiki ya pili, kwa waya, lilisema hivi kwa wastani: alfajiri 18, mchana 11, saa mbili usiku chini ya 3. Kifurushi ni cha hadi 20.

Namba za namna hiyo, nzuri alfajiri na mbovu usiku, zinaonyesha msongamano. Bomba la kampuni mtaani kwako ni dogo kuliko watu waliouziwa. Na hapa kuna mtego: ukipiga simu, wakala atakushauri uchukue kifurushi cha 40. Usikubali. Foleni ya usiku haiulizi umelipia ngapi. Utalipa mara mbili kwa 3 ile ile.

Namba ikiwa ile ile muda wote, tuseme 4 asubuhi, 4 mchana, 4 usiku, hiyo imewekwa na mtu. Ama umevuka kikomo cha GB, ama umeunganishwa kwenye kifurushi kidogo kuliko ulicholipia. Simu moja inatosha kurekebisha. Kasi ikiwa nzuri lakini inakatika kabisa na kurudi, shuku waya, adapta au maungio yaliyo kwenye nguzo. Ikifa mvua ikinyesha tu na kurudi mbingu zikitulia, maungio ya nje yanaingiza maji, au mnara unaokulisha unaunganishwa na wenzake kwa mawimbi ya redio yanayodhoofishwa na mvua kubwa. La kwanza fundi analiweza. La pili haliwezi.

Na ikiwa kwa waya ni nzuri, kwa waifai ni mbovu, rudi hatua ya tatu. Kampuni haina kosa.

Kuna siku pia ambazo hakuna wa kulaumiwa hapa mjini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikasuasua kwa siku kadhaa. Dukani niliitwa tapeli na mzee mmoja aliyekuwa anasubiri barua pepe ya mwanawe. Siku kama hiyo muulize jirani mwenye mtandao mwingine kabla ya kupiga simu yoyote. Naye akiwa amekwama, weka chai.

Hatua ya tano: lalamika kwa maandishi

Kwa kampuni za simu, 100 ndiyo namba ya huduma kwa wateja. Usiseme "intaneti iko slo". Sema: "Nimepima kwa waya siku saba, saa mbili usiku napata chini ya Mbps 3 wakati alfajiri napata 18. Naomba namba ya lalamiko." Ile namba iandike daftarini pamoja na tarehe na jina alilojitaja. Ukipewa maelezo ya kuzima na kuwasha ruta, mwambie umeshafanya, na tarehe uliyofanya ni ipi.

Siku saba bila jibu, nenda ofisini na daftari. Mimi nilipolifungua mezani, yule binti wa mapokezi alinyamaza, akaenda kumwita mkubwa wake. Maneno ya mteja wameyazoea. Namba 21 zenye tarehe hawajazizoea. Waulize jambo moja tu: upanuzi wa mtaa huu utafanyika lini? Nilijibiwa "tunalishughulikia". Nilirudi baada ya wiki tatu nikapewa jibu lile lile na mtu mwingine.

Kampuni isipokuridhisha, unaweza kupeleka lalamiko TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Watakuuliza kwanza kama ulianza kwa mtoa huduma mwenyewe, na hapo zile namba za lalamiko ndizo zitakazokusemea. Kwa mfanyabiashara mdogo anayetaka mtandao wiki hii, njia hiyo ni ndefu. Ila kama fedha yako imeshikiliwa, ifuate.

Hatua ya sita: peleleza kabla ya kuhama

Hatua hii karibu kila mtu anairuka. Tangazo la kampuni mpya limechapwa Dar es Salaam. Mnara wako upo Kigoma. Kampuni mbili zinaweza kupanga kwenye mnara mmoja na hata kutegemea mkongo ule ule kutoka nje ya mkoa. Ukihama kutoka moja kwenda nyingine unaweza kubadilisha rangi ya ruta tu.

Kwa hiyo nenda kwa jirani, wa mtaa wako hasa, saa mbili usiku, umwombe upime kwake kwa dakika mbili. Aliye Ujiji hakusaidii kama wewe uko Gungu. Mimi nilipima kwa fundi cherehani, kwa mwenye duka la dawa na kwenye nyumba ya wageni. Kwenye duka la dawa nilipata 9. Nyumba ya wageni wana faiba, nikapata 24, nikajikuta nimesimama mapokezi kama mtu aliyekosa chumba.

Kwa laini ya simu ni rahisi zaidi: nunua laini ya kampuni unayoifikiria, isajiliwe kwa namba yako ya NIDA na alama ya kidole, weka bando la siku moja, iingize kwenye simu yako pale pale ruta itakapokaa. Baadaye piga *106# uhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, usije ukaacha ya ziada inaelea.

Kwa faiba, swali la kwanza ni kama waya unapita mtaani kwako. Ramani ya wakala inaweza kusema unapita. Toka nje uangalie nguzo. Kisha uliza gharama ya kuunganishwa, ruta ni ya nani, mkataba ni wa miezi mingapi, na ukivunja unalipa nini.

Hesabu ya mwisho ni hii. Gawanya unacholipa kwa kasi unayopata saa mbili usiku, achana na kasi ya kwenye tangazo. Tuseme, kwa mfano tu, unalipa shilingi 60,000 kwa mwezi na usiku unapata Mbps 3. Kila Mbps inakugharimu 20,000. Jirani anayelipa 90,000 akapata 18 analipa 5,000. Aliye na bili kubwa ndiye aliyenunua kwa bei ndogo. Lakini kama tofauti ni ya 3 dhidi ya 4, kaa ulipo. Usumbufu wa kuhama ni mkubwa kuliko hiyo moja.

Hatua ya saba: hama bila kubaki gizani

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na kwenye intaneti nakubaliana nao mia kwa mia. Unganisha mpya kwanza, zitumie zote mbili kwa wiki mbili hata kama unalipa mara mbili, uzipime kwa daftari lile lile. Mpya nayo lazima ipite kwenye saa mbili usiku, na ikiwezekana kwenye mvua kubwa moja. Epuka kuhama wakati dirisha la mikopo liko wazi. Hilo nililijua kwa akili yangu, nikalivunja, nikakaa siku nzima bila mtandao huku vijana wamejaa kwenye benchi.

Suala la namba linawachanganya wengi. Tangu Machi 2017 unaweza kuhama mtandao wa simu ukabaki na namba yako: unakwenda kwa wakala wa kampuni unayohamia, unajaza fomu, unatuma neno HAMA kwenda 15080. Kabla ya hapo toa fedha zako kwenye pochi ya simu na ulipe mikopo ya huko, kwa sababu salio na bando havihami nawe. Lakini kama ni laini inayokaa ndani ya ruta, huna haja ya yote hayo. Nani anaipigia ruta? Nunua laini mpya tu.

Jina la waifai na nywila viweke vile vile kwenye ruta mpya, na printa na kompyuta zote zitajiunga zenyewe bila wewe kuzunguka nazo moja moja. Fundi alitaka kunipa nywila ya kiwandani, nikamkatalia. Kifaa cha zamani, kama ni chako, usikitupe mara moja. Laini ya akiba yenye bando dogo imeniokoa mara mbili faiba ilipokatwa na wachimba mtaro.

Kisha sitisha huduma ya zamani kwa barua, yenye tarehe, nakala yako igongwe muhuri. Kuacha tu kulipa si kusitisha, deni linaweza kuendelea kuandikwa. Ruta ikiwa ni mali yao, irudishe pamoja na adapta yake na uombe karatasi ya mapokezi. Yangu niliibana ndani ya jalada la daftari. Baada ya miezi miwili walinipigia kuuliza ruta yao iko wapi, nikawasomea tarehe, saa, na jina la aliyeipokea.